Mwalimu Agripina Alute Njiku na Rozi Zake za Ndoo (1971–2024)

Baba Paroko, walimu, majirani wa kota za reli, nanyi ndugu mliosafiri kutoka Ihanja na Rungwa: tuliyemleta hapa leo, Jumatano tarehe 2 Oktoba 2024, ni Mwalimu Agripina Alute Njiku. Haya ni maisha yake kwa ufupi, yanasomwa na mdogo wake, Chrispin.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 katika kijiji cha Ihanja, ambacho sasa kiko wilaya ya Ikungi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Alute Njiku na mama Selina. Kati ya watoto wanne wa nyumba hiyo, wawili walifariki wakiwa wachanga, wakabaki yeye na Chrispin, waliopishana miaka tisa. Mama yao alifariki mwaka 1983, mdogo huyo akiwa na miaka mitatu. Kuanzia hapo marehemu ndiye aliyekuwa mama. Alikwenda naye shule akiwa amembeba mgongoni, na mwalimu wa darasa la nne alimruhusu amlaze kwenye kona juu ya kanga mpaka kengele ya mwisho.

Alimaliza darasa la saba Ihanja mwaka 1986, akasoma sekondari mjini Singida, kisha akajiunga na Chuo cha Ualimu Kinampanda mwaka 1991. Huko Kinampanda ndiko alikokutana na rozi. Mkufunzi mmoja alikuwa akipogoa maua mbele ya nyumba yake na kutupa vijiti, Agripina akaviomba.

"Havitashika hivyo," mkufunzi alimwambia.

"Si unavitupa, Mwalimu? Naomba nijaribu."

Alivichomeka vinne kwenye kopo la siagi lililotobolewa chini. Vitatu vilikauka, kimoja kikachipua. Ilikuwa rozi fupi, isiyotambaa wala kupita goti la mtu mzima, inayotoa maua ya pinki kwa vichala, saba au nane kwenye tawi moja. Rozi zote mlizoziona Itigi kwenye madirisha, kwenye ngazi za kanisa na mbele ya ofisi ya kata zimetoka kwenye kijiti hicho.

Julai 1993 aliajiriwa kufundisha shule ya msingi hapa Itigi, na hakuhama tena. Wanaoijua kota aliyoishi wanajua uwanja wake ulivyo: hatua tatu kwenda mbele, nne kwenda pembeni, na udongo wake mgumu kama sakafu. Kwa hiyo alipanda kwenye ndoo za rangi na madumu yaliyokatwa. Aliziweka juu ya matofali ili maji yatoke chini, akachanganya mbolea ya mbuzi iliyooza kabisa, na akazipa jua la asubuhi na kivuli cha ukuta mchana. Maji aliyamwaga chini kwenye shina, kwa sababu majani yakilowa kila siku hushikwa na madoa meusi. Ua likinyauka alilikata siku hiyohiyo. "Ukiliacha," aliwaambia wanafunzi, "mti unadhani kazi imekwisha." Kila darasa lilikuwa na ndoo yake, na ndoo ikifa darasa lilijieleza.

Mwaka mmoja, wiki ya Krismasi, mbuzi wa jirani aliingia akala maua ya ndoo tano, maua yaliyokuwa yapelekwe altareni. Marehemu hakugombana na mtu. Aliandika barua kwenye karatasi ya shule, akaifunga shingoni mwa mbuzi na kumwachia arudi kwao. Iliandikwa: "Mzazi wa mwanafunzi huyu afike ofisini kesho saa mbili asubuhi." Jirani alifika, amevaa koti, akicheka mpaka machozi. Aliondoka na mche wake.

Mumewe, Leonidas Kitundu, alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuja kujitambulisha akiwa na ndoo tatu tupu, zimeshatobolewa, akasema amesikia mwalimu anatafuta vyombo. Walifunga ndoa tarehe 6 Januari 1996 katika parokia hii, na Mungu akawajalia Yustina mwaka 1997 na Raymond mwaka 2001.

Marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu mwaka 2019. Oktoba 2022 miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na vipimo vya Dodoma vikaonyesha kwamba figo zote mbili zimeshindwa kazi. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Itigi na Dodoma si safari ya kwenda na kurudi kwa mgonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo Leonidas alipanga chumba kimoja Dodoma, wakahamia huko kwa treni. Kati ya mizigo yao kulikuwa na ndoo tatu za rozi. Zilikaa kibarazani, kwenye nafasi inayotosha ndoo tatu na kiti kimoja.

Aliruhusiwa nusu lita ya maji kwa siku, uji na chai vikiwa humo humo. Wanaomjua Agripina wanajua alivyopenda chai. Kila asubuhi aliinamia ndoo zake na jagi mkononi, midomo imepasuka, akamwagilia mpaka maji yatokeze chini, kisha akarudi kwenye kiti bila kuonja hata tone. Yustina alijitolea kumsaidia kazi hiyo. Alimjibu, "Niache, mwanangu. Angalau niyasikie yakimwagika."

Madaktari walisema akipata figo ya ndugu anaweza kuishi na kurudi darasani. Leonidas alipimwa, damu zao hazikupatana. Yustina alikuwa mjamzito. Raymond alikutwa na tatizo la kuzaliwa nalo, figo yake moja haikukua. Februari 2024 alipimwa mdogo wake Chrispin, akapatana naye katika kila kipimo. Daktari alimweleza kwamba mtu huishi vizuri na figo moja. Chrispin alisema ndiyo, mbele ya dada yake, na dada yake alilia.

Kuna ndugu walioshauri sehemu inayofuata iachwe. Leonidas alikataa. Alisema, "Soma kama ilivyokuwa. Agripina hakuwa mtu wa kufichiwa mambo."

Chrispin alirudi Rungwa, anakofuga nyuki, kwenye mizinga yake. Aliomba kwanza arine asali ya Juni. Juni ikapita. Mkewe, Flora, alimuuliza nani atalisha watoto akifia kwenye kitanda cha upasuaji. Julai alizima simu. Watu walisema Rungwa hakuna mtandao. Mtandao ulikuwepo. Alikuwa akiiwasha simu, anasoma ujumbe wa dada yake, anaizima. Dada hakuandika hata mara moja neno figo. Aliandika: "Mdogo wangu, umeshindaje? Rozi imetoa vichala viwili."

Mwanzoni mwa Septemba, Yustina alifunga safari mpaka Rungwa, mtoto mchanga mgongoni. Alimkuta mjomba wake anakarabati mizinga, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Simama, Yustina."

"Sisimami. Mama hajanituma. Akijua nimekuja atanigombeza. Jana ameshindwa kuvaa kiatu, mjomba. Ameshindwa kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kama hutaki, niambie leo hapa, nikamwambie, aache kukungoja."

Chrispin alikaa chini karibu naye. Aliomba siku tatu za kuagana na nyumba yake. Alitumia kumi na mbili. Alipofika Dodoma ilibidi vipimo vingine virudiwe, na hospitali ikapanga upasuaji ufanyike Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024.

Tarehe 20 Septemba alimkuta dada yake kibarazani, ameketi na mkasi mkononi. Uso ulikuwa umevimba hata macho yakawa madogo. Alikuwa anakata tawi, akitafuta jicho la chipukizi linalotazama nje.

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua kwa lipi."

Alikata tawi kwanza. Kisha akasema, "Ulikuwa unaogopa. Hata mimi naogopa, Chrispin, kila siku naogopa. Ila mimi sina Rungwa ya kukimbilia." Hakusema kwa hasira. Alimshika mkono, akauacha kwenye mapaja yake mpaka gari la kumpeleka kwenye mashine lilipofika.

Ijumaa tarehe 27 Septemba alipata homa kali. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Jumamosi alizungumza na Leonidas, akamuuliza Jumanne ya tarehe nane iko mbali kiasi gani. Alijibiwa siku kumi. Akasema, "Nitajitahidi." Chrispin alimfuata daktari kwenye korido, akamwomba aichukue figo siku hiyo, saa hiyo. Daktari alimweleza kwa upole kwamba mwili wa dada yake hauwezi tena kuhimili kisu. Chrispin aliomba tena. Aliwaomba wauguzi. Alimwomba mlinzi wa mlangoni, mtu asiyehusika kabisa, amwitie daktari mwingine.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 29 Septemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Leonidas na watoto wake walikuwa pembeni ya kitanda. Chrispin alikuwa bado koridoni.

Mwalimu Agripina ameacha mume, Leonidas Kitundu. Watoto wawili, Yustina na Raymond. Mjukuu mmoja, ambaye alimpakata mara nne. Na wanafunzi aliowafundisha kwa miaka ishirini na tisa. Ameacha mdogo mmoja, Chrispin Alute Njiku, aliyepimwa wiki iliyopita na kukutwa na afya njema kabisa.

Bwana ampokee Agripina, ampe pumziko lenye amani. Amina.