Meno Ndani ya Kochi

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho kwenye treni, lakini masikio yake hayakulala. Kwenye kiti cha nyuma yake, fundi wa makochi alikuwa anabanwa na shangazi yake. “Kila siku unapanga video, na hata moja hujatoa. Wateja watakujuaje?”

“Shangazi, mtu akiona umeboronga mara ya kwanza, harudi tena. Haraka haraka haina baraka.”

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Washa simu, uongee! Jana ndani ya kochi la yule mama jirani ulikuta nini?”

Fundi akakohoa kidogo. “Meno ya bandia. Na yeye na mumewe meno yao yote yamo kinywani.”

Vichwa vikageuka behewa zima. Muuguzi akafumbua jicho moja. Usingizi wa nini tena?

“Umeona?” shangazi akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. “Watu wote hawa wanakusikiliza, na hukupanga chochote!”

“Nimepanga, shangazi. Meno ni ya nani, hapo nimepaacha makusudi.”

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, na muuguzi akashuka nyuma yao, ingawa kituo chake kilikuwa bado mbali.