Salamu Niliyoitikia Mlimani

Bwana asifiwe, wapendwa! Mh! Mbona mnaitikia kama watu walioamshwa kwa nguvu? Nasema Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Leo nataka kusema juu ya kuitika, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi mnanifahamu, nauza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba. Mnanijua kwa mdomo. Mteja akipita bila kununua namtania mpaka anarudi. Lakini kuna kipindi mliniona nimenyamaza kabisa. Binti yangu Limi alikuwa amefariki. Homa ilimkamata akitoka shule, na wiki haikuisha. Alikuwa mtoto wangu wa pekee. Limi kwa Kisukuma ni jua, na ndugu zangu, jua langu lilizama mchana.

Baada ya maziko niliacha kuamkia watu. Wakiniamkia, siitiki. Nao wakaacha kuniita Mama Limi, wakidhani wananihurumia. Nikawa sina mtoto, na jina la mtoto nalo sina.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Magu kwa ajili ya msiba, akakataa kurudi kwao. Wasukuma mnajua desturi yetu: asubuhi mkwe ndiye anayepiga goti mbele ya mama mkwe na kuanza, "Wangaluka, mayu," umeamkaje, mama. Mimi sikupiga goti wala sikuanza. Akawa anaanza yeye, mzee mzima, kila asubuhi, tena ananiita mimi mayu. Namwangalia tu, kisha nageukia ukutani.

Mwezi wa saba akina mama wa kanisa wakapanga kupanda mlima wa mawe kule Pasiansi alfajiri, waombe na kuliona jua likichomoza. Mama mkwe akasema tunakwenda. Goti lake lilikuwa bovu, lakini aliapa kwamba nikikataa kutembea atanibeba mgongoni kama mtoto. Nikaenda ili anyamaze.

Tulianza kupanda kungali giza. Baridi ya kipupwe ilikuwa inauma masikio, na nyota zilikuwa wazi. Hakuna aliyebeba mwavuli. Nani hubeba mwavuli mwezi wa saba? Tulipofika katikati, upepo wa ziwani ukakatika ghafla, halafu ukarudi na wingu zima. Ukungu ukatufunika. Radi ikapiga juu ya maji, mvua ikashuka. Mvua wakati wa kipupwe, ndugu zangu! Wenzangu wakakimbia kutafuta pa kujibanza. Mimi nikakanyaga jiwe lililolowa, nikateleza mpaka ndani ya ufa kati ya mawe mawili. Mguu ukanasa. Maji yakaanza kushuka humo humo nilimo.

Sikupiga kelele. Niseme kweli mbele za Mungu: nilifikiri, basi, acha iishie hapa.

Ndipo nikasikia naitwa. "Mama Limi! Mama Limi!" Tangu maziko hakuna aliyenitamkia jina hilo. Na sisi tumelelewa hivyo: ukiitwa gizani na humwoni anayekuita, usiitike, huyo si mtu. Nikajiziba mdomo kwa khanga. Sauti ikaita tena, ikasogea, kisha ikaanza kwenda mbali. Aliyekuwa ananitafuta alikuwa anapita, na mimi naogopa kuokolewa!

Halafu ikanyamaza. Ikabaki mvua, na pimbi wakilia juu ya mawe. Naamini hapo ndipo Mungu alipomnong'oneza yule aliyekuwa akiniita. Aliacha kuniita jina. Akasimama kwenye mvua na kuamkia kwa sauti yote: "Wangaluka, mayu!"

Ndugu zangu, mzimu hauamkii! Mzimu haujali umeamkaje! Nikajua ni mama mkwe, na goti lake bovu, ananiamkia tena kwa salamu niliyopaswa kuianza mimi. Na mimi mguu mmoja umenasa, mwingine umekunjika chini yangu. Kumbe tayari nimepiga goti. Nikafungua kinywa, sauti ikatoka ikikwaruza: "Wangaluka, mayu!" Nikarudia na kurudia, nikilia, mpaka mikono ya akina mama ikanishika kwapani na kunivuta.

Jua hatukuliona siku ile. Na Limi hakurudi. Sitawadanganya, mtoto harudi. Mama mkwe alilowa mno, kifua kikambana, akalazwa. Kila asubuhi nilikwenda wodini, nikapiga goti sakafuni, nikaanza mimi, naye akaitika akitabasamu. Kisha asubuhi moja nilimwamkia, hakuitika. Nikaitika mwenyewe kwa niaba yake, nikamfunika shuka.

Namshukuru Mungu, wapendwa, na machozi bado ninayo. Sikuona malaika. Mungu alinitoa shimoni kwa salamu, salamu ile ile niliyokuwa naidharau kila siku nyumbani. Najua kuna mtu hapa amekaa kimya ndani ya ufa wake. Yesu anakuita, na pengine unaogopa kwa sababu amelitaja jina linalouma. Mwamini! Itika, hata kama sauti inakwaruza, maana hawezi kukufikia gizani kama umejiziba mdomo.

Nanyi mnaonihurumia kwa kulikwepa jina la mwanangu, acheni. Kesho mkinikuta Mwaloni, niiteni Mama Limi. Nitaitika.