Historia ya Marehemu Angelina Stephano Kobelo, Aliyeutafuta Mnara wa Lusegwa

Baba Padri, viongozi wa kigango, ndugu, majirani na wote mliopanda mlima huu tangu asubuhi, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, ili tuisome safari ya mama yetu Angelina, ambaye hakupenda kusifiwa mbele ya watu, ila leo hana namna ya kutukatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa Lusegwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Stephano Kobelo na Mama Magdalena, akabatizwa misheni ya Matombo mwezi uliofuata. Alianza shule mwaka 1963, akimaliza masomo ya asubuhi anashuka bondeni kulima magimbi na mdogo wake Winfrida, ambaye walipendana naye hadi watu wakawaita mapacha, ingawa walipishana miaka minne. Mwaka 1971 alichaguliwa kuingia sekondari ya wasichana Morogoro mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Shirika la Posta na Simu kama opereta wa swichibodi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitatu, na waliowahi kupiga simu za mbali enzi hizo wanaikumbuka sauti yake, hasa pale alipowaambia wapunguze salamu, wengine wanasubiri laini.

Tarehe 28 Julai 1979 alifunga ndoa na Bwana Godfrey, fundi wa kiwanda cha nguo, aliyekaa hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto watatu, Janeth, Ignas na Ester. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, kiwanda kikasuasua na shirika likagawanywa, na mwaka 1998 marehemu akapunguzwa kazini akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Wapo waliomshauri afungue genge la mboga, akawasikiliza kwa adabu, kisha akaenda kujifunza kompyuta darasa moja na vijana wa rika la wanawe, na tarehe 1 Septemba 1999 akaajiriwa na kampuni mojawapo ya simu za mkononi, katika chumba cha mitambo pale mjini.

Huko ndiko alikokutana na jambo lililokuja kuchukua maisha yake yote yaliyobaki. Kampuni ilikuwa imeufundisha kila mnara kuandika jina la mahali pake kwenye kioo cha kila simu inayoushika, mwenye simu akiwa Dumila anasoma Dumila, akifika Dakawa anasoma Dakawa, na watu waliona ni pambo tu. Marehemu akajiuliza, kama mnara unaweza kuwaambia watu wote waliopo chini yake neno moja kwa mpigo, bila kujua majina yao wala namba zao, kwa nini usiwaambie kwamba maji yanakuja, maana sote tunajua mto wetu ulivyo, mvua inanyesha juu mlimani, huku chini jua linawaka, na mtu yuko bondeni anapalilia hana habari.

Akamwomba Mwalimu Evance, anayekaa huko juu kabisa, achomeke mti mtoni na kuupaka alama nyekundu, na maji yakiifikia ampigie simu. Tarehe 26 Aprili 2003, saa sita mchana, Mwalimu alipiga. Marehemu alitazama ramani ukutani, akaona mnara ulio karibu na Lusegwa kuliko yote ni wa Mkuyuni, akautumia huo, na ujumbe wa kuhama kingo za mto ukafika kwa watu wote wa Mkuyuni, wakafunga soko na kukimbia, wengine na nyanya zao kichwani, kisha wakarudi wakinung'unika. Lusegwa, iliyokuwa na simu saba tu kijiji kizima, hakuna hata moja iliyolia. Saa nane mto ulishuka, ukamchukua Winfrida katika shamba lile lile la magimbi.

Tunalisema hili hadharani kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulificha. Siku ya mazishi aliingia jikoni kwa mdogo wake, akaikuta simu aliyompa zawadi ikining'inia msumarini, maana ninyi wenzetu wa mjini pengine hamjui, huku kwetu simu haikai mfukoni, inatundikwa pale inaposhika mtandao, na kila nyumba ina msumari wake. Akasoma kioo, kimeandikwa Ngerengere. Mgongo wa mlima unatuziba Mkuyuni iliyo jirani, lakini upande wa mashariki uko wazi hadi kule relini, kwa hiyo simu zetu zote zilikuwa za Ngerengere, nasi tulizoea kutaniana kwamba tumehamishwa kata bila kuulizwa, wala haikutujia akilini kumwambia yule aliyehitaji kujua. Alilia sana siku ile, akalia mpaka tukaogopa, na alipomaliza akaomba daftari.

Kwa miezi minne, kila alipokuwa na mapumziko, alitembea mlima kwa mlima, nyumba kwa nyumba, akibisha hodi na kuomba aonyeshwe msumari, akaandika jina linalosomeka pale, si lile linalodhaniwa na ramani. Aligundua pia kwamba simu inabaki jikoni wakati mwenyewe yuko shambani, akapatana na bibi zetu wasioshuka tena bondeni kwamba atakayeona ujumbe kwanza aigonge rimu ya gari inayotumika kama kengele ya kigango. Bosi wake alimwambia nafasi ile ni ya matangazo ya promosheni, mafuriko ni kazi ya serikali, naye akamjibu kwamba hakatai, ila serikali haina mnara Ngerengere. Akaenda ofisini kwake na daftari kila Jumatatu kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, hadi bosi akakubali, wengine wanasema kwa kuelewa, wengine kwa kuchoka. Ujumbe wa kwanza ulitoka tarehe 9 Aprili 2005, nao ulisema, wa Lusegwa tokeni bondeni, wa Ngerengere mtuvumilie.

Agosti 2006 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Morogoro na Dar es Salaam, lakini ugonjwa ulikuwa umemtangulia. Tarehe 11 Aprili mwaka huu wa 2007, saa nne asubuhi, akiwa amelazwa na sauti imeshakatika, maji yalifika kwenye alama nyekundu. Binti Esther wa ofisini, si Ester wetu, ambaye marehemu alimwachia kazi, alikuta kompyuta mpya iliyoletwa na makao makuu imepanga vijiji kwa kata, na Lusegwa imerudishwa Mkuyuni. Akampigia Janeth pale wodini, Janeth akamwekea mama simu sikioni, na mama aliyekuwa hajatamka kitu tangu juzi yake akasema Ngerengere, akarudia mara mbili, kisha akafumba macho. Nyumba kumi na mbili zilikwenda na maji siku ile. Watu walihesabiwa juu ya kilima, wote wapo, mia mbili na kumi na mmoja.

Marehemu alifariki dunia tarehe 13 Aprili 2007, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu wawili, na tunasema wanne kwa sababu Anselmi, mtoto aliyeachwa na Winfrida, kwa desturi yetu Waluguru na kwa moyo wake mwenyewe, alikuwa mwanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa mjini waliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake, Mwalimu Evance ambaye jana tu ameupaka upya ule mti, na ndugu zetu wa Ngerengere waliotuma mchele na ujumbe kwamba wataendelea kutuvumilia.

Pumzika kwa amani, Angelina, watu wako mia mbili na kumi na mmoja wamekuja kukuzika kwa miguu yao wenyewe.