Swichi ya Msumeno na Msalaba wa Mileva

Benchi letu liko mbele ya duka la Gordana, pale barabara inapopinda kwenda kanisani. Alhamisi asubuhi nilifika na toroli, juu yake ubao na msumeno wangu wa umeme. Msumeno ulikuwa umezimika katikati ya kazi, na Jumamosi ni arobaini ya mke wangu Mileva. Alipokuwa mgonjwa nilimwahidi msalaba wa mwaloni wa uani kwetu. Kaburini bado umesimama ule mwepesi wa siku ya mazishi.

Wenyewe wa benchi walikuwepo: Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, na Volti, fundi umeme mstaafu aliyepigwa shoti mara tatu na anajivunia zote. Gordana alitutolea kahawa.

Niliwaeleza kwamba nikibonyeza swichi, kimya. Waziri akasema mwaloni ule uliwahi kupigwa radi, kwa hiyo umeshiba umeme na hautaki mwingine. Volti akasema ni vumbi la mbao limejaa kwenye swichi, basi. Waziri hakukubali.

— Mileva ndiye anayeizima. Maisha yake yote alichukia kelele za mdudu huyo.

— Mileva yuko kwa Mungu, nikamwambia. Hana muda wa swichi.

— Basi kamwomba Mungu aizime.

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikakiri kwamba jana niliimwagia rakija. Kwetu rakija, pombe kali ya plamu, husafisha koo, vidonda na miguu ya farasi. Nikaona swichi haiwezi kumzidi farasi.

Volti aliweka kikombe chini.

— Umepika uji, Radisav. Tena kwa pombe nzuri.

Alihakikisha waya haujachomekwa popote, akafungua mpini kwa bisibisi. Uji ulikuwepo kweli, wa kahawia, umeganda. Aliukwangua kwa kijiti cha kiberiti, akapiga mswaki mkavu, akafuta vile vibati vya shaba mpaka vikang'aa, kisha tukaianika swichi juani hadi birika la pili la kahawa. Wakati huo Waziri alikuwa anasema ni yeye aliyetaja vumbi kwanza.

Tulichomeka waya dukani. Msumeno ukanguruma, nami nikafanya ishara ya msalaba.

Hapo akafika Desanka, dada ya Mileva, akitoka kununua mishumaa. Aliutazama ubao, mahali nilipoandika jina la Mileva na kuchora mstari wa kukatia kwa penseli.

— Shemeji, unakata hapa hapa chini ya jina lake, au unaacha nafasi?

Kwetu mume na mke huandikwa pamoja kwenye msalaba mmoja, na aliye hai huachiwa nafasi yake. Waziri, mwenye jibu la radi na la mbinguni, alitazama ndani ya kikombe chake. Volti alikunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. Gordana akasema kahawa imekwisha.

Nilichukua penseli, nikaushusha mstari upana wa kiganja. Kisha nikabonyeza swichi.