Mbao Zilizozunguka Chumba cha Mama

Karibuni, wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio shambani. Leo tunamkumbuka fundi. Jina lake Joyline Mokeira, wa Kiogoro, hapa Kisii. Joyline Mokeira, fundi wa mbao. Alituacha mwezi wa Aprili, akiwa na miaka thelathini na minne, baada ya kuugua saratani.

Wengi mjini walimjua kwa mapaa na milango. Lakini leo nawasimulia kazi yake ya mwisho, aliyoifanya nyumbani kwao. Babake, Mzee Ogoti, ndiye aliyetueleza.

Mamake Joyline, Mama Drusilla, alipatwa na kiharusi mwaka juzi. Miguu ikakataa. Akawa wa kulala katika kile chumba kinachotokeza nyuma ya nyumba, chenye madirisha pande tatu. Nje ya chumba hicho, nanyi mnaijua Kisii yetu, ni mteremko na udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, kiti cha magurudumu hakisogei. Mama akakaa ndani miezi na miezi. Siku moja akamwambia bintiye, "Mwanangu, nimechoka kutazama migomba kupitia kioo."

Joyline alichukua futi yake akatoka nje kupima.

Alitaka kujenga baraza la mbao juu ya nguzo. Litoke mlango wa jikoni, lizunguke chumba cha mama, liishie mlango wa sebule. Mzee Ogoti akakasirika. Mtoto wa kike hamjengei babake, alisema. Watu watamwonaje? Tena chumba chenyewe kilikuwa kimeziba njia.

"Kama ni lazima," akasema, "tukibomoe, boriti zipite moja kwa moja."

"Tata," Joyline akamjibu, maana ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, "mama amelala humo. Nyumba ndiyo ilitangulia. Mbao ndizo zitazunguka."

Basi akaanza peke yake. Boriti zilizoelekea kugonga ukuta wa chumba alizikatiza, akazifunga kwenye boriti moja nene aliyoilaza mbele ya chumba, ibebe mzigo wote. Kati ya mbao na ukuta aliacha nafasi, maji ya mvua yapite, ukuta usioze. Mzee Ogoti alitazama kutoka dirishani.

Kisha tumbo likaanza kumuuma Joyline. Hospitalini akaambiwa saratani imeshasambaa. Alirudi nyumbani, akaketi juu ya rundo la mbao, akaita.

"Tata, njoo ushike hapa. Nikishindwa, wewe utamalizia."

"Niliona mkono wake umeshindwa kuinua nyundo," Mzee Ogoti alituambia. "Mkono wa fundi! Hasira yangu ikaishia hapo. Nikashika nyundo."

Tangu siku hiyo baba akawa mwanafunzi. Joyline aliketi kitini akielekeza kwa kidole. Baba akipindisha msumari, binti alicheka hadi akajishika ubavu. "Tata, hiyo ni mbao, si nyoka! Pole pole." Jumamosi walipumzika, maana ni Wasabato, wakamwimbia mama nyimbo za kanisa. Mama naye akiitikia kwa ule mdomo uliolegea upande mmoja.

Joyline Mokeira alifariki Jumatano asubuhi. Mbao za sakafu mbele ya chumba cha mama zilikuwa hazijapigiliwa.

Mzee Ogoti hakuketi na waombolezaji. Alichukua nyundo. Bosire, fundi aliyefanya kazi na Joyline mjini, akaja kumshikia mbao. "Nilisikia kila msumari," Mama Drusilla alituambia. "Watu waliniletea uji, sikuutaka. Nilikuwa nasikiliza tu."

Halafu, wasikilizaji, likazuka la kaburi. Jamaa wakasema binti ambaye hakuolewa azikwe kando, nje ya ua, kule nyuma ya migomba. Wakasema ndiyo mila. Mzee Ogoti akasimama mbele yao, nguo zimejaa unga wa mbao.

"Huyu amenijengea," akasema. "Hatatupwa nje ya ua wangu. Atalala mahali mamake atamwona."

Kisha Omwenga, kaka mkubwa wa Mzee Ogoti, yule aliyepinga kwa sauti kuliko wote, akainuka akaenda kutafuta jembe.

Siku ya mazishi, Bosire alimsukuma Mama Drusilla kutoka mlango wa jikoni. Magurudumu yakapita juu ya mbao, yakazunguka kile chumba, yakasimama mbele, ambapo kaburi liko chini kidogo tu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa nje tangu kiharusi. Hakuweza kushuka. Mzee Ogoti akachota udongo kwa viganja vyake, akampandishia. Mama akaushika kwa mkono wake mzima, akausemesha maneno tusiyoyasikia. Kisha akamrudishia mumewe, naye akautia kaburini.

Kwa Mzee Ogoti, kwa Mama Drusilla na jamaa wote wa Kiogoro, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu awashike mkono.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Pengine hapo nyumbani yuko mtoto anayekufanyia jambo jema, nawe unamtazama dirishani kwa sababu ya watu watakavyosema. Toka nje leo. Mshikie mbao angali anacheka.