Mtoto wa Chumba cha Ndani

Wewe unayesoma haya ulijua. Ulimsikia mtoto mlemavu aliyefichwa akilia nyumba ya jirani, ukaongeza sauti ya redio. Mimi nawakumbuka wenzake watatu wa kijiji cha Mbwajumali waliozikwa bila daktari kuwaona.

Ndiyo maana juzi, katika boti ya abiria ya kwenda Lamu, nilitega sikio bila haya. Bintiye Bi Zakiya, ambaye mifupa yake huvunjika hata akiinuliwa vibaya, alikuwa ameketi mwenyewe juu ya mto. Bwana Haidar, mzee asiyewajua, alinong'ona hadi nahodha akasikia: "Jambo la nyumbani hili, Bi. Wamtembeza ndiani mbele ya watu kwa nini?"

"Waone anaketi!" Bi Zakiya alijibu. "Daktari wa mifupa kutoka Mombasa alimtibu mwaka jana. Ameahidi kurudi tukipata watoto kumi, na orodha yafungwa Ijumaa. Nina tisa."

"Hiyo ni kazi ya Mungu, Bi."

"Na daktari kaumbwa na nani, Bwana?"

Boti nzima ilicheka. Tulipogusa gati, Bwana Haidar aliuliza akitazama viatu vyake: "Hapo kwenye orodha, huandikwa jina la mtoto tu, au na la babuye?"

"La mtoto tu. Ana miaka mingapi?"

Watu walikuwa wameshasimama, wakanisukuma nje kabla sijasikia jibu. Usimngoje Bwana Haidar. Ijumaa haiko mbali. Mtoe mtoto yule chumbani leo, umpeleke kwa Bi Zakiya akaandikwe.