Rula na Saizi ya Taya

Rula alizaliwa tarehe 4 Juni 1959, kifungua mimba wa fundi viatu na mkunga, akakulia nyuma ya karakana ya baba. Jina hilo la utani alilipata kabla hajaanza shule, maana alipima kila kitu: meza, mkia wa paka, hata pua ya baba akiwa amelala.

Alikuwa kidato cha tatu mdogo wake alipoanguka kwenye ngazi akaumia kidevu. Tangu siku hiyo mdomo wa mtoto yule ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko, basi. Madaktari walisema kisahani kimechanika, yaani ile gegedu ndogo inayokaa mbele ya sikio, kati ya taya na fuvu, na hakuna cha kuweka badala yake. Rula akamwambia mdogo wake, "Nitakutafutia kingine." Watu wazima walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Alihitimu udaktari wa meno mwaka 1985, akabaki chuoni kufundisha anatomia. Wenzake wa maabara walihangaika kuotesha visahani vipya kutokana na chembe hai. Rula akawauliza wataviotesha kwa saizi gani; hakuna aliyekuwa amewahi kuvipima. Basi akaanza kupima visahani vya marehemu waliousia miili yao kwa chuo: upana, urefu, unene wa mbele, katikati na nyuma. Matokeo ya kwanza yalishangiliwa mkutanoni. Kisha akagundua, yeye peke yake, kwamba taa ya mezani ilikuwa ikivikausha na kuvisinyaza vikiwa bado vinapimwa. Angeweza kunyamaza. Aliita kikao akasema, "Tumepima vitu vilivyokauka. Tunaanza upya." Wapo walionuna mwezi mzima. Tangu hapo vilipimwa vikiwa ndani ya maji ya chumvi, na vipimo hivyo ndivyo maabara inavyotumia mpaka leo.

Mwaka 1988 aliolewa na mwalimu wa muziki. Siku walipofahamiana alimgusa mbele ya sikio, akamwarifu kwamba taya lake la kushoto linalia tak tak. Mwalimu alidhani ni mapenzi, na hakukosea sana.

Novemba iliyopita alikutwa na saratani ya kongosho. Akawaita wanawe na mdogo wake, akataka visahani vyake vitolewe akishafariki. "Baba mmoja, mama mmoja," alimwambia mdogo wake. "Chako hakiwezi kuwa mbali sana na changu." Mdogo wake alikataa, akalia, akakataa tena. Rula alimwacha amalize, kisha akamkumbusha habari ya maji ya chumvi. Alifariki hospitalini tarehe 9 Machi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mkisikia maneno yanatoka kwa shida, msidhani ni kilio peke yake. Juzi wanafunzi wa marehemu walivipima visahani vyake, vikiwa vimelowa kama alivyotaka, na kalibu ya kuoteshea kipya imeshachongwa.

Apumzike kwa amani Rula wetu. Saizi imepatikana.